Chicago na Mama Wakati wa Baridi: Mwongozo Kamili wa Wikendi Moja

Akina mama wengi wanaokuja Marekani kuwatembelea watoto wao wakati wa baridi huishia kuijua sebule tu. Binti anatoka alfajiri kwenda kazini, nje theluji imejaa, na mama anabaki karibu na hita na runinga inayosema Kiingereza cha haraka, anahesabu siku za kurudi. Kila ukitajwa mpango wa kutoka, jibu ni lile lile: tusubiri joto. Joto lenyewe linakuja Mei, na tiketi ya mama ni ya Machi.

Msisubiri. Mji mkubwa wakati wa baridi unawafaa mama na binti kuliko wakati wa joto, mradi upangwe vizuri. Vyumba vinashuka bei, foleni zinapungua, na baridi yenyewe inawalazimisha kukaa ndani, mezani, kwenye benchi la makumbusho, kitandani na kikombe cha chai, mkizungumza mambo ambayo nyumbani hayapati nafasi.

Nimeuandika mwongozo huu kwa kufuata Chicago, kwa sababu ndio mji mkubwa wa karibu kwa Waswahili wengi walioko katikati ya Marekani: Indianapolis, Milwaukee, Des Moines, Grand Rapids, St. Louis, Minneapolis. Kanuni yake ni moja, na kila hatua hapa chini inaitegemea: safari ya baridi na mama hupangwa kwa sehemu za joto, vivutio vinafuata. Tafuta mahali pa joto penye viti, kisha mahali pengine pa joto jirani yake, na njia kati ya hapa na pale isizidi dakika kumi za kutembea.

Hatua ya 1: Tarehe

Desemba Chicago inapendeza. Kuna taa kila mti, kuna soko la Krismasi la Kijerumani uwanja wa Daley, kuna mti mkubwa wa Walnut Room ndani ya duka la Macy's mtaa wa State. Lakini watu wanasukumana na vyumba ni ghali. Kwa mama mwenye magoti yanayomsumbua, chagua wikendi yoyote kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari. Kama unatafuta bei ya chini, kwepa wikendi mbili zenye Jumatatu ya mapumziko: ya Martin Luther King, Jumatatu ya tatu ya Januari, na ya Marais, Jumatatu ya tatu ya Februari.

Kwa familia za Kiislamu, angalieni kalenda ya Ramadhani kabla ya kulipa chochote. Miaka hii inaangukia baridi. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Safari ya namna hii nusu yake ni kula na kunywa chai, kwa hiyo ni bora itangulie mwezi.

Kuhusu baridi yenyewe, Januari mchana huzunguka nyuzi 0 za Selsiasi, usiku hushuka karibu nyuzi 8 chini ya sifuri, na upepo wa Ziwa Michigan unaongeza yake. Taarifa za hewa Marekani zinatolewa kwa Farenhaiti, ambayo mama hajaizoea. Mwambie tu kwamba 32 ndipo maji yanapoganda.

Hatua ya 2: Njia ya kufika

Kama kuna treni kutoka mji wenu, pandeni treni. Kutoka Milwaukee ni saa moja na nusu. Kutoka St. Louis ni kama saa tano. Kutoka St. Paul ni kama saa saba na nusu, na tangu Mei 2024 kuna treni ya pili kwa siku, Borealis. Amtrak, kampuni ya treni hizi, wana viti vipana, choo kiko hatua chache, na mama anaweza kusimama kunyoosha miguu bila kumwomba mtu asimamishe gari. Faida kubwa ni kwamba mikono yako haiko kwenye usukani wa gari barabara ikiwa na barafu. Umekaa pembeni yake, una saa nzima za kumsikiliza.

Treni zinaingia Union Station, stesheni iliyofunguliwa mwaka 1925. Ukumbi wake wa kusubiria una madawati marefu ya mbao na paa la kioo, na ni wa joto. Mkifika mapema hamna haja ya kukimbilia nje.

Mkija kwa ndege kupitia O'Hare, treni ya Blue Line inawafikisha katikati ya mji kwa kama dakika 45. Kutoka Midway, Orange Line ni kama dakika 25. Nunueni kadi ya Ventra moja, inaweza kulipia nauli zenu wote wawili. Kabla ya kuchagua kituo cha kushukia, hakikisha kina lifti, kwa sababu vituo kadhaa vya zamani vina ngazi tupu. Clark/Lake kina lifti, na Washington/Wabash, kilichofunguliwa 2017, kina lifti pia.

Jambo dogo litakalomfurahisha mama: kwenye majukwaa mengi ya treni za juu kuna taa za joto zilizofungwa darini, na ukutani kuna kitufe. Ukikibonyeza, taa zinawaka nyekundu na joto linashuka mabegani. Zinazima baada ya dakika chache, mnabonyeza tena. Wengi husimama pembeni wakitetemeka bila kujua kitufe ni cha kazi gani.

Usiku, au mama akichoka, achaneni na treni. Iteni teksi au Uber, mshukie mlangoni.

Mama aliyekuja kwa viza atembee na pasipoti yake. Na kama hana bima ya safari, katieni kabla ya kuondoka nyumbani kwenu. Kuteleza mara moja tu kwenye barafu kunaweza kuwafikisha hospitali, na bili za hospitali Marekani hazina huruma.

Hatua ya 3: Chumba

Laleni eneo la Loop, yaani katikati ya mji, karibu na mtaa wa Wabash au Michigan Avenue. Hoteli za mbali ni nafuu kidogo, lakini zinakunyima kitu muhimu kuliko vyote: uwezo wa kumrudisha mama chumbani saa 8 mchana akalale, kisha mkatoka tena jioni. Bila usingizi huo, Jumamosi yenu inaishia saa 10.

Ukishapata hoteli, piga simu mapokezi. Usitegemee yaliyoandikwa kwenye tovuti ya kuwekea nafasi. Omba vitu vinne: vitanda viwili, friji, birika la umeme, na bafu la kuingia bila kupanda, lenye vyuma vya kushika ukutani. Hili la bafu watu hulisahau. Mabafu ya hoteli za Marekani mara nyingi ni hodhi refu ambalo lazima uinue mguu juu ili uingie, na kwa mwanamke wa miaka 65 mwenye magoti mabovu, hapo ndipo anapoangukia. Vyumba vyenye bafu la chini vipo, ila ni vichache. Anayepiga simu mapema ndiye anayepewa. Wakikosa birika, beba la kwako dogo. Mashine ya kahawa ya hotelini hutoa chai yenye ladha ya kahawa, na mama hatainywa.

Bei unayoiona haina kodi. Chicago kodi ya chumba inazidi asilimia 17. Mkija na gari, uliza na maegesho, maana katikati ya mji hoteli hutoza kwa urahisi zaidi ya dola 50 kwa usiku.

Hatua ya 4: Mavazi

Hapa usifanye haraka. Safari nyingi za baridi huharibika kwa sababu ya miguu iliyolowa na masikio yaliyoachwa wazi, na mzee aliyepigwa na baridi mara moja hatoki tena.

Mama wa Pwani ana kawaida ya kuvaa koti moja zito juu ya nguo nyepesi. Haitoshi, na akiingia ndani anatokwa jasho, maana majengo ya Marekani hupashwa joto kupita kiasi. Anahitaji nguo tatu zinazovulika. Ya kwanza inabana mwili, suruali na fulana ndefu ya joto. Jinzi na pamba haifai kwa nguo hii, kwa sababu pamba ikishika jasho inabaki na unyevu na kumpoza. Ya pili ni sweta la sufu. Ya tatu ni koti refu linalofika magotini na lisilopitisha upepo. Kwa anayevaa buibui au abaya, nguo ya kubana inakaa chini, sweta juu yake, buibui juu ya sweta, koti juu ya yote. Angalia pindo. Buibui linaloburuza linanyonya maji ya theluji iliyochanganyika na chumvi ya barabarani, linakuwa zito na linaganda likimpiga kwenye vifundo. Lipandishwe kwa sindano hadi juu kidogo ya kiatu.

Chini ya mtandio avae kofia nyembamba ya sufu. Shingoni shali. Mikononi glavu zenye kidole gumba peke yake, zina joto kuliko za vidole vitano, na ndani yake weka vile vifuko vidogo vinavyopata moto ukivitikisa. Vinauzwa karibu kila duka la dawa.

Soksi ni jozi moja nzito ya sufu. Mama atataka kuvaa mbili tatu, mkatalie kwa upole: soksi nyingi ndani ya kiatu zinabana damu na mguu unazidi kupoa. Buti ziwe namba moja zaidi ya kawaida yake, soli ya mpira yenye meno, na zipu ya pembeni ili asihangaike kuinama kufunga kamba. Vyote hivi hamhitaji kununua vipya. Maduka ya mitumba kama Goodwill yana makoti ya sufu mazuri kwa bei ndogo, na kumpeleka mama kuchambua mitumba wiki moja kabla ni sehemu ya starehe. Jicho lake kwa mitumba ni kali kuliko lako.

Ngozi ipakwe mafuta mazito kabla ya kutoka, uso na mikono, Vaseline au mfano wake. Mafuta ya nazi aliyokuja nayo yataganda chupani, aiweke chupa kwenye maji ya moto kidogo kabla ya kupaka.

Mfundishe na kutembea. Hatua fupi, kiatu chote kikanyage kwa pamoja, mikono iwe nje ya mifuko ili aweze kujishika, na apite palipomwagwa chumvi. Aunganishe mkono na wewe. Kwenye majengo marefu mtaona vibao vya kuonya kuhusu barafu inayoanguka kutoka juu. Si mapambo, sogeeni mbali na ukuta.

Hatua ya 5: Dawa

Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani, karibu na mwili. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana sawa, kwa hiyo isiachwe kwenye gari wala mfuko wa nje wa begi. Kipimo cha sukari nacho hakifanyi kazi vizuri kwenye baridi kali. Apime akiwa ndani, mikono imeshapata joto. Simu pia huzima zenyewe baridi ikizidi, hivyo ziwekwe mfuko wa ndani wa koti.

Ongeza tangawizi, majani ya chai, iliki na sukari kwenye mfuko mmoja. Na kama mama ameamua kupika chapati na sambusa za njiani, mwache apike. Zitaliwa zote.

Hatua ya 6: Ijumaa jioni

Hakuna kutalii Ijumaa. Fikeni, ingieni chumbani, mama aoge maji ya moto. Kama mnataka kuonja chakula cha mji, agizeni ile pizza nene ya Chicago, iliyoanza kuuzwa Pizzeria Uno mwaka 1943. Inachukua dakika 40 au zaidi kuiva, basi agizeni kabla njaa haijapamba moto. Kipande kimoja kinatosha mtu. Baadhi ya akina mama jibini yote ile hawaiwezi. Ndiyo maana sambusa zilikuja.

Hatua ya 7: Jumamosi

Asubuhi ianze na simu ya nyumbani. Wakati wa baridi Dar es Salaam na Nairobi wako mbele ya Chicago kwa saa 9, Bukavu na Bujumbura kwa saa 8. Saa 2 asubuhi Chicago ni saa 11 jioni Dar. Mkichelewa mpaka mchana, huko wameshalala, na mama atatembea siku nzima akiwa na deni la salamu.

Saa 4 muingie Chicago Cultural Center, Michigan Avenue kwenye kona ya Washington. Ni bure. Jengo lilifunguliwa mwaka 1897 kama maktaba kuu ya mji, na ngazi zake ni za marumaru nyeupe iliyopambwa kwa vipande vidogo vya mawe na vioo vya rangi. Kuna lifti, msione haya kuitumia. Pandeni hadi ukumbi wa Preston Bradley, chini ya kuba la kioo la Tiffany. Lina upana wa mita 11 na zaidi na vipande vya kioo kama 30,000. Kwa miaka mingi lilikuwa limefunikwa. Ukarabati uliokamilika mwaka 2008 uliliondolea kifuniko, na sasa mwanga wa jua la baridi unapita moja kwa moja na kuangukia sakafuni na kwenye nguo za watu. Tafuteni pa kukaa. Msiondoke haraka.

Mkitoka, vukeni barabara hadi Millennium Park mkapige picha kwenye Cloud Gate, lile sanamu la Anish Kapoor lililotengenezwa kwa mabamba 168 ya chuma cha pua yaliyounganishwa kiasi kwamba mishono haionekani. Mnajiona wenyewe na majumba yote nyuma yenu. Dakika tano zinatosha. Picha hii ndiyo itakayokwenda kwenye makundi yote ya WhatsApp ya ukoo, kwa hiyo mwache ajipange, avue kofia kidogo, apange mtandio.

Kisha Art Institute, mitaa michache kusini kwenye barabara hiyo hiyo, ile yenye simba wawili wa shaba mlangoni waliochongwa na Edward Kemeys na kusimamishwa mwaka 1894. Wikendi inafunguliwa saa 5. Makoti mkayaache chumba cha kuhifadhia, na uulize kiti cha magurudumu; hukopeshwa bure. Mama atakataa. Mwambie ni cha kuwekea mikoba, baada ya nusu saa atakikalia mwenyewe.

Watu wengi hukimbilia michoro maarufu ghorofa ya juu. Nyinyi anzieni chini kabisa, kwenye vyumba vidogo vya Thorne. Ni vyumba 68 vya nyumba za Ulaya na Marekani, vimetengenezwa kwa kipimo cha inchi moja kwa kila futi, na kila kimoja mnakichungulia kupitia kioo ukutani. Kiti kinatosha kiganjani. Zulia limefumwa kweli, taa za darini zina vishada vya kioo, mezani kuna vikombe vidogo kuliko punje ya haragwe, na nje ya dirisha kuna bustani na mwanga wa saa fulani ya siku. Mwanamke aliyetunza nyumba maisha yake yote anaviona vyumba hivi kwa namna ambayo msomi wa sanaa haoni. Atakuonyesha kabati limewekwa pabaya. Atauliza jiko liko wapi na nani alikuwa anafua mapazia yale. Kaa kimya umsikilize, maana kutoka hapo mara nyingi huja habari za nyumba aliyokulia yeye, na ya mama yake.

Baada ya hapo chagueni vitu viwili tu. Mimi huchagua mchoro mkubwa wa Seurat wa watu kando ya mto, ambao karibu ni vitone vitupu na mbali ni watu, na madirisha ya buluu ya Chagall. Saa mbili za makumbusho kwa siku ni nyingi. Mwaka una siku nyingine.

Rudini chumbani. Swala, chakula chepesi, usingizi. Kama mnataka kuswali msikitini, Downtown Islamic Center iko mtaa wa State, ndani ya Loop. Januari jua linazama karibu saa 11 jioni, kwa hiyo kama mnapanga kupanda juu kwenye Skydeck ya Willis Tower, ghorofa ya 103, nendeni saa 9 na nusu ili muone mji mchana na taa zikiwaka. Lakini angalia mawingu kwanza. Siku ya theluji huko juu ni pazia jeupe, na tiketi hairudishwi.

Jioni ya Jumamosi iwe ya Devon Avenue. Ni kaskazini ya mbali, mtaa wa Wahindi na Wapakistani, na kwa mama aliyekulia Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar ndipo mahali pa kwanza Marekani ambapo pua yake itatambua kila kitu. Kwa teksi ni kama nusu saa au zaidi; kwa treni ni Red Line hadi Loyola, kisha basi namba 155. Maduka yana iliki, mdalasini, ukwaju, unga wa dengu, mchele wa basmati wa magunia. Kuna vitambaa vya sari vya kupimwa kwa yadi na bangili mpaka darini. Mwachie uongozi hapa. Atapapasa vitambaa, atauliza bei, ataondoka dukani, atarudi. Migahawa mingi ya Kipakistani ni ya halali, na biriani yao ina masala tofauti na ya Pwani, mtapata la kulijadili. Malizeni kwa chai ya maziwa. Kama mama ni wa bara au wa Kongo na pilipili za Kihindi si zake, migahawa ya Kihabeshi ya Edgewater na Uptown iko njiani, na kula kwa mkono kwenye sinia moja hakuhitaji maelezo.

Hatua ya 8: Jumapili

Familia ya Kikristo ianze na ibada. Kwa Wakatoliki, kanisa kuu la Holy Name liko mtaa wa State, kaskazini ya mto.

Kisha Field Museum, na fikeni kwa teksi hadi mlangoni. Makumbusho yamejengwa ufukweni mwa ziwa, na upepo kati ya kituo cha treni na mlango ni mkali kuliko popote nilipowapeleka mpaka sasa.

Mjukuu angekimbilia Sue, mifupa ya dinosaria aliyenunuliwa mwaka 1997 kwa dola milioni 8.36. Nyinyi mpiteni, mtarudi. Ulizeni walipo simba wa Tsavo.

Wamo ndani ya kabati la kioo, wawili, madume yote mawili, na shingoni hawana yale manyoya marefu ya simba. Ndio waliowashambulia wajenzi wa reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, mwaka 1898, pale penye daraja la mto Tsavo. Kazi ilisimama, wafanyakazi wakakimbia. John Henry Patterson, mhandisi wa daraja, aliwapiga risasi wote Desemba ya mwaka huo. Yeye alidai waliua watu 135. Utafiti wa mwaka 2009 uliopima mifupa na manyoya yao ulikadiria kama 35. Ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwa Patterson kwa robo karne kabla ya kuuziwa makumbusho haya mwaka 1924 kwa dola 5,000, na ndiyo sababu mnawaona wadogo kidogo kuliko walivyokuwa hai: ngozi ilishakatwa na kuchakaa.

Mama wa Mombasa au Voi hahitaji kuelezwa Tsavo ni wapi. Amepita pale kwa basi usiku, au kwa treni mpya. Wengi walisikia habari za simba hawa kwa babu zao, na za waliofanya kazi relini, Wahindi na Waafrika, wengine hawana hata kaburi linalojulikana. Mpe nafasi asimame hapo anavyotaka. Kama yu tayari, rekodi sauti yake kwenye simu akisimulia anavyoijua yeye hadithi hiyo, na majina ya watu anaowakumbuka.

Kwenye ukumbi mkuu kuna na tembo wawili, kazi ya Carl Akeley, waliotoka Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha Sue, kisha chai, na hapo mmemaliza.

Kama makumbusho si kitu cha mama yako, na wapo wasiopenda kabisa vitu vilivyokufa ndani ya vioo, badilisheni Jumapili yote kwa Garfield Park Conservatory. Ni nyumba kubwa ya kioo ya mimea, iliyofunguliwa mwaka 1908, kiingilio ni bure ila wekeni nafasi mtandaoni. Green Line inashusha karibu na mlango. Nje barafu, ndani unyevu na joto la masika, mitende imefika paani, migomba ina mikungu. Miwani itapata ukungu mkiingia. Vueni makoti, mtafute benchi chumba cha mitende, na mkae mpaka muda wa treni.

Hela

Kiingilio cha Field na cha Art Institute ni karibu dola 30 au zaidi kwa mtu mzima asiye mkazi wa Chicago. Wazee hupunguziwa, wakazi wa Illinois wana siku za bure. Makumbusho mengi Marekani hupunguza sana kwa wenye kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula, kwa hiyo ibebe pamoja na kitambulisho na uulize dirishani bila aibu. Mkitaka wikendi ya gharama ndogo kabisa, Cultural Center, Cloud Gate, Garfield Park na Lincoln Park Zoo, iliyo wazi kila siku ya mwaka, zote hazitozi kiingilio.

Lipia mapema kila kinacholipika mapema. Mama akisikia bei ya chumba ataigeuza kuwa shilingi pale pale, na usiku hatalala. Akiuliza, mwambie ilishalipwa. Lakini umpe noti zake za mkononi, kiasi cha maana, za Devon na za zawadi anazotaka kuwapelekea watu wake. Kuomba hela kwa mtoto kila anapoona kitu kunamchosha mtu mzima kuliko ngazi.

Dhoruba ikitangazwa

Chukua chumba ambacho unaweza kufuta siku moja au mbili kabla bila kukatwa, na tiketi ya treni inayobadilishika. Kuanzia Jumatano fuatilia tangazo la National Weather Service. Angalia ile namba inayojumlisha baridi na upepo: hewa ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo kilomita 24 kwa saa, mwili unasikia 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa nusu saa. Tarehe 30 Januari 2019 mji ulifika nyuzi 31 chini ya sifuri bila kuhesabu upepo. Tangazo la namna hiyo likitoka, ahirisheni, hata kama mabegi yako mlangoni.

Theluji ya kawaida haizuii kitu. Treni za mji zinaendelea, barabara za katikati zinafagiliwa usiku. Kama mmeshafika na imeanza kumwagika, futeni Devon na Skydeck, mkae sehemu za Loop mnazoweza kuzifikia kwa miguu: Cultural Center, ukumbi wa mapokezi wa Palmer House wenye dari la michoro, duka la Macy's. Baadhi zimeunganishwa chini ya ardhi na njia zinazoitwa Pedway, ila wikendi vipande vingine hufungwa, basi waulize mapokezi kipi kiko wazi. Treni ya kurudi ikichelewa, Union Station ina choo, chakula na joto. Beba chapati zilizobaki, maji, dawa za usiku huo na za kesho yake, na namba ya simu ya kazini kwako ya kuwajulisha kwamba Jumatatu unaweza kuchelewa.